Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Mitindo ya Mataifa katika Mchezo wa Kandanda

Sheria za mchezo wa kandanda ni 17, nazo ni zile zile popote mchezo huo uchezwapo. Lango lina upana wake na kimo chake, kila upande una wachezaji 11, na kipenga cha mwamuzi kina maana moja Montevideo na Mwanza. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuutazama mchezo huu hahitaji kuambiwa kwamba mataifa hayauchezi kwa namna moja. Wako wanaoutembeza mpira chini kwa pasi fupi fupi mpaka adui achoke kuufuata. Wako wanaoupiga mbali na kuukimbilia. Wako wanaojifungia langoni kwao wakangoja kosa la wenzao. Na wako wanaomwachia kila mchezaji apige chenga kadiri ya ufundi wake. Jambo hili halipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili. Washairi wetu wote hufungwa na vina na mizani, lakini utungo wa Lamu hauna ladha ya utungo wa Tanga.

Linaloleta mjadala si kuwako kwa tofauti hizo, bali chanzo chake. Hapa watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hudai kwamba mtindo wa taifa umo katika damu ya watu wake: Mjerumani huzaliwa na nidhamu, Mbrazili huzaliwa na ngoma miguuni, Mwitalia huzaliwa na hila, na Mwafrika huzaliwa na mbio na nguvu lakini hakujaliwa mpango. Kundi la pili husema kwamba mtindo ni kazi ya watu: hubuniwa na walimu wanaojulikana, hufundishwa mahali panapojulikana, husafiri, huazimwa, na pengine hufa. Sisi tuko pamoja na kundi hili la pili, na katika insha hii tutaiita historia itoe ushahidi wake. Hatufanyi hivyo kwa ushabiki wa mpira. Madai ya kundi la kwanza, ingawa husemwa kwa mzaha penye redio na televisheni, ni ndugu wa maneno mazito zaidi ambayo mkoloni aliyatumia kututenga na shule na madaraka. Yafaa basi yachunguzwe, hata yanapojificha ndani ya mchezo.

Mchezo mmoja, njia mbili

Chama cha Kandanda cha Uingereza kiliundwa London mwaka 1863. Kwa sheria ya kwanza ya chama hicho, mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira wenzake walipoucheza alihesabiwa kuwa ameotea. Kwa hiyo hapakuwa na faida ya kumpelekea mwenzio mpira mbele. Mchezaji aliuchukua, akaukokota kwa miguu yake mwenyewe kuelekea lango la adui, na wenzake wakamfuata nyuma wapate kuuokota anapoupoteza. Mwaka 1866 sheria ililegezwa. Mtu aliruhusiwa kupokea mpira mbele maadamu palikuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa lango. Lakini mazoea hayafi siku moja na sheria. Waingereza waliosoma katika shule za bweni za wenye mali waliendelea kukokota, kila mmoja akionyesha ushujaa wake.

Tarehe 30 Novemba 1872, katika uwanja wa kriketi wa Partick karibu na Glasgow, Uingereza ilikutana na Uskoti katika mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa kimataifa. Wachezaji wote wa Uskoti walitoka katika klabu moja, Queen's Park, iliyoanzishwa mwaka 1867. Waingereza walikuwa wazito zaidi wa miili. Waskoti walifahamu kwamba wakikabiliana nao kifua kwa kifua wataangushwa. Basi wakapeana mpira. Aliyeshambuliwa hakungoja kuangushwa. Alimpa mwenziwe, akakimbilia penye nafasi, akarudishiwa. Mchezo huo ulikwisha kwa suluhu, 0–0, lakini miaka iliyofuata ilionyesha njia ipi ilikuwa bora. Mwaka 1878 Uskoti ilishinda 7–2, na mwaka 1881 iliwafuata Waingereza London kwao ikawafunga 6–1.

Msomaji na aangalie mambo mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba mtindo wa pasi haukuzaliwa na tabia ya Waskoti. Ulizaliwa na wepesi wa miili yao mbele ya watu wazito, na mazoea ya klabu moja ambayo wachezaji wake walikaa pamoja wakafahamiana. La pili ni kwamba nahodha wa Uskoti katika ule ushindi wa 1881 alikuwa Andrew Watson, mtu mweusi aliyezaliwa Guyana mwaka 1856, baba yake Mskoti na mama yake mzaliwa wa Guyana. Tangu asubuhi ya historia ya mchezo huu, basi, mtindo uliosifiwa kuwa wa Kiskoti ulikuwa ukiongozwa na mtu ambaye wataalamu wa damu wangeshindwa kumpangia mahali.

Uingereza iliporuhusu wachezaji wa kulipwa mwaka 1885, Waskoti wengi walishuka kwenda kuchezea klabu za miji ya viwanda ya kaskazini. Waingereza waliwaita maprofesa, na jina hilo liliwafaa.

Mwalimu aliyetoka Lancashire

Miongoni mwa Waingereza waliovutiwa na pasi fupi za Waskoti alikuwa Jimmy Hogan, aliyezaliwa Lancashire mwaka 1882. Alipokuwa mchezaji alicheza pamoja na Waskoti, akaona kwamba mpira unaweza kufundishwa kama somo lolote: jinsi ya kuupokea, jinsi ya kuutuliza, jinsi ya kumpa mwenzio bila kumtesa. Kwao hakupata wa kumsikiliza sana. Aliyemsikiliza alikuwa Hugo Meisl wa Austria, aliyemwita Vienna kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoanza Hogan alijikuta raia wa adui katika nchi ya watu. Kutoka Vienna alipelekwa Budapest, na huko akawafundisha vijana wa klabu ya MTK. Hivyo mbegu ya Glasgow ilipandwa kando ya mto Danube na Mwingereza aliyekuwa hana uhuru wa kurudi kwao.

Wakati huo Uingereza yenyewe ilikuwa ikienda njia nyingine. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa tena, na wapinzani watatu wakawa wawili. Mabao yakaongezeka. Ili kuyapunguza, Herbert Chapman wa klabu ya Arsenal akamrudisha nyuma mchezaji wa kati wa kiungo awe mlinzi wa tatu. Mpango huo ulienea nchi nzima. Ulikuwa mpango mzuri, lakini miaka ilivyopita uligeuka kuwa kama mpangilio wa askari gwarideni: kila mtu na namba yake mgongoni, kila namba na mahali pake, na kila mlinzi na mtu wake wa kumkaba. Mpira ulipelekwa haraka pembeni, ukapigwa juu kuingia langoni, na mshambuliaji wa kati mwenye kifua kipana akaupigania kwa kichwa.

Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria, mabingwa wa Michezo ya Olimpiki ya 1952, walifika Wembley. Mpaka siku hiyo Uingereza haikuwa imefungwa nyumbani na taifa lolote kutoka nje ya visiwa vile. Katika dakika ya kwanza tu Nandor Hidegkuti alifunga bao. Hidegkuti alivaa namba 9, namba ya mshambuliaji wa kati, lakini hakukaa mahali pa namba 9. Alirudi nyuma katikati ya uwanja, akawa anaanzisha mashambulizi badala ya kuyangoja. Harry Johnston, mlinzi aliyepewa kazi ya kumkaba, alipatwa na mtihani ambao mafunzo yake hayakuwa na jibu lake. Akimfuata Hidegkuti, aliacha pengo mbele ya lango ambalo Puskás na Kocsis walilipenya. Asipomfuata, alimwacha huru kupanga mambo atakavyo. Hidegkuti alifunga mabao matatu. Ferenc Puskás naye, alipoendewa mbio na nahodha Billy Wright, aliuvuta mpira nyuma kwa wayo wa kiatu, Wright akapita mtupu, na mpira ukaingia wavuni. Matokeo yalikuwa 6–3. Waingereza waliporudiana na Wahungaria mjini Budapest mwezi Mei 1954, walifungwa 7–1.

Wako waliosema kwamba Wahungaria wamejaliwa kipaji kisichoelezeka. Mwalimu wao, Gusztáv Sebes, alieleza vingine: alitaja mafunzo ya Jimmy Hogan kuwa ndiyo chanzo cha mchezo wao. Tena palikuwa na sababu ya utaratibu. Mwaka 1949 klabu za Hungaria zilikuwa zimewekwa chini ya serikali, na wachezaji wengi wa timu ya taifa, kama vile Puskás, Bozsik, Kocsis na Czibor, wakakusanywa katika klabu ya jeshi, Honvéd. Hidegkuti na wengine walikuwa MTK. Walifanya mazoezi pamoja mwaka mzima, siyo wiki moja kabla ya mchezo.

Ujerumani Magharibi iliwashinda 3–2 katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern tarehe 4 Julai 1954, lakini mtindo wao haukuuawa na mchezo huo. Ulipotea baada ya uasi wa mwaka 1956 kuzimwa, ambapo Puskás, Kocsis na Czibor, waliokuwa nje ya nchi na klabu yao, hawakurudi kwao. Damu ya Wahungaria haikubadilika mwaka 1956. Kilichovunjika ni ile nyumba ambamo mtindo ulikuwa ukilelewa.

Brazil na Italia: ngoma na komeo

Hakuna mataifa mawili ambayo watu hupenda kuyalinganisha kama Brazil na Italia. La kwanza husemwa kuwa hucheza kama linalocheza ngoma. La pili husemwa kuwa hufunga mlango na kutia komeo. Tuanze na Brazil.

Kandanda iliingia São Paulo mwaka 1894 mikononi mwa Charles Miller, kijana aliyerudi kutoka masomoni Uingereza. Kwa muda mrefu ulikuwa mchezo wa klabu za matajiri weupe. Mwaka 1923 klabu ya Vasco da Gama ilitwaa ubingwa wa Rio de Janeiro ikiwa na wachezaji weusi, machotara na wafanyakazi maskini. Mwaka uliofuata klabu kubwa za mji zilijitenga, zikaitaka Vasco iwaache wachezaji wake wa namna hiyo ikiwa inataka kukubaliwa katika chama chao kipya. Vasco ilikataa kwa barua, na barua hiyo hukumbukwa hata leo. Kwa hiyo kile kinachoitwa mtindo wa asili wa Brazil kililazimika kwanza kubisha hodi na kuingia kwa ubishi.

Brazil iliposhika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1938, mwanachuoni Gilberto Freyre aliandika kwamba uzuri wa mchezo wao, wenye ghafula, ujanja na mwendo wa ngoma, ulitokana na kuchanganyika kwa damu. Yalikuwa maneno ya sifa. Lakini angalia yaliyotokea tarehe 16 Julai 1950, Brazil ilipofungwa 2–1 na Urugwai mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Maracanã. Lawama iliwaangukia zaidi mlinda mlango Barbosa na mlinzi Bigode, wote wawili weusi, na wakasemwa kuwa hawakuwa na moyo. Damu iliyosifiwa mwaka 1938 ndiyo iliyolaumiwa mwaka 1950. Anayekusifu kwa damu yako ameshika kisu kwa mkono wa pili, na siku ya kushindwa atakitumia.

Brazil ilishindaje basi mwaka 1958 kule Uswidi? Ni kweli kwamba ilikuwa na Pelé, kijana wa miaka 17, na Garrincha mwenye miguu iliyopinda, ambaye chenga yake ilijulikana na kila mlinzi na haikuzuiwa na yeyote. Lakini timu hiyo ilisafiri pia na daktari, daktari wa meno na mtaalamu wa saikolojia. Ilipanga walinzi wanne mstarini wakati mataifa mengi bado yalikuwa na watatu, na Zagallo, mshambuliaji wa pembeni, alirudi nyuma kuwasaidia viungo. Katika michezo minne ya kwanza haikufungwa hata bao moja. Na mpango huo haukuota wenyewe penye mchanga wa pwani. Mhungaria Dori Kürschner alikuwa amefundisha Flamengo tangu 1937. Mhungaria mwingine, Béla Guttmann, aliifundisha São Paulo na kutwaa nayo ubingwa wa jimbo mwaka 1957. Na Vicente Feola, aliyeiongoza Brazil mwaka 1958, alikuwa mtu wa klabu hiyo hiyo ya São Paulo. Kürschner na Guttmann wote wawili walipata kuichezea MTK ya Budapest, klabu aliyoifundisha Hogan. Uzi ulioanzia Glasgow umefika Brazil, na huko umefumwa pamoja na chenga za vijana wa mitaani ukawa nguo mpya kabisa.

Sasa tuitazame Italia. Mlinzi wa mwisho asiyemkaba mtu maalumu, bali anayesimama nyuma ya wenzake kama komeo nyuma ya mlango, aliwekwa na Karl Rappan, Mwaustria aliyefundisha Uswisi katika miaka ya 1930. Uswisi ilikuwa na wachezaji wa ridhaa mbele ya mataifa yenye wachezaji wa kulipwa. Komeo lilikuwa silaha ya mnyonge, nayo ilizaa matunda, maana mwaka 1938 Uswisi iliitoa Ujerumani katika Kombe la Dunia kwa mabao 4–2. Nereo Rocco aliutumia mpango wa namna hiyo na klabu ndogo ya Triestina baada ya Vita Kuu ya Pili, akashika nafasi ya pili katika ligi ya 1947–48. Aliyeufanya uogopwe Ulaya nzima alikuwa Helenio Herrera, aliyetwaa na Inter ya Milano Kombe la Klabu Bingwa mwaka 1964 na 1965. Herrera alizaliwa Buenos Aires akalelewa Casablanca. Hivyo huo unaoitwa mtindo wa Kiitalia ulibuniwa na Mwaustria, ukajaribiwa Uswisi, na ukakamilishwa na mtu aliyekulia Moroko! Wala Waitalia wote hawakuupenda. Baadhi ya waandishi wao waliutetea kwa kusema kwamba taifa lao ni la watu dhaifu wa miili, wasioweza kushambulia. Lakini taifa hilo hilo lilikwisha kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1934 na 1938 kwa mpango mwingine.

Mitindo hiyo miwili ilikutana katika fainali ya tarehe 21 Juni 1970 mjini Mexico. Brazil ilishinda 4–1. Bao la nne, lililofungwa na Carlos Alberto, lastahili kuelezwa, maana lina fundisho lote. Mashambulizi yalianzia nyuma kabisa. Clodoaldo aliwapita Waitalia wanne kwa chenga, Rivellino akaupeleka mpira kushoto kwa Jairzinho, na Jairzinho akampa Pelé. Jairzinho kwa kawaida alicheza kulia. Kwa makusudi alikuwa amehamia kushoto na ndani, akamvuta huko Facchetti aliyepewa kazi ya kumkaba, na upande wa kulia ukabaki wazi. Pelé, bila kugeuza kichwa, alitembeza mpira katika nafasi hiyo, na Carlos Alberto, ambaye ni mlinzi, akafika mbio na kuupiga wavuni. Watu walisema, “Tazama ngoma ya Wabrazili!” Sisi twaona hesabu. Walijua kwamba adui hufuata mtu, wakamfundisha mtu ahame. Tena wachezaji hao walikuwa wameandaliwa kwa mazoezi makali ya mwili na Kapteni Cláudio Coutinho wa jeshi pamoja na wenzake, wapate kustahimili hewa nyepesi ya Mexico. Katika mabao yao 19 ya mashindano hayo, 12 yalifungwa kipindi cha pili, wakati wenzao walipokuwa wamechoka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba njia moja ni ya haki na nyingine ya dhuluma. Tarehe 5 Julai 1982 mjini Barcelona, Brazil ya Zico na Sócrates ilihitaji sare tu ili iendelee. Ilishambulia kama desturi yake, na Paolo Rossi wa Italia akaiadhibu kwa mabao matatu; Italia ikashinda 3–2 na kisha ikatwaa Kombe. Komeo nalo ni ufundi.

Mwalimu ashindwa na mwanafunzi

Mfano wa Uholanzi na Hispania ni mfupi, nao ni wazi. Mwaka 1974 Uholanzi ya Rinus Michels na Johan Cruyff iliishangaza dunia kwa mtindo ambamo mlinzi alishambulia, mshambuliaji akalinda, na kila mtu akaziba nafasi ya mwenzake. Katika fainali ya Munich tarehe 7 Julai Waholanzi walipata penalti kabla Mjerumani hajaugusa mpira. Hata hivyo walifungwa 2–1. Hispania wakati huo ilijulikana kwa jambo lingine. Tangu Michezo ya Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 Wahispania walijivunia ghadhabu: mbio, vifua, na kutokukubali kushindwa. Walisema ndiyo tabia yao.

Michels na Cruyff walikwenda kufanya kazi Barcelona. Cruyff alirudi huko akiwa mwalimu kuanzia 1988 hadi 1996, na vijana wa bweni la klabu hiyo walilelewa katika mtindo wake. Vijana wa malezi hayo walipokomaa, Hispania ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2008, Kombe la Dunia mwaka 2010 na ubingwa wa Ulaya tena mwaka 2012, na neno ghadhabu halikusikika. Katika fainali ya 2010 mjini Johannesburg iliishinda Uholanzi 1–0. Siku hiyo Waholanzi ndio waliocheza kwa mateke na kadi za njano, na Wahispania ndio waliocheza kwa pasi. Ikiwa mtindo ni damu, tuseme mataifa hayo mawili yalibadilishana damu katika miaka 36?

Afrika na hukumu ya haraka

Sasa tulete suala hili nyumbani. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Haikufika kwa bahati: mwaka huo huo ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na klabu ya Englebert ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Ilifungwa 2–0 na Uskoti, 9–0 na Yugoslavia, na 3–0 na Brazil. Katika mchezo wa mwisho Wabrazili walipewa mkwaju wa adhabu. Kabla hawajaupiga, mlinzi Mwepu Ilunga alichomoka katika ukuta akaubutua mpira mbali. Watangazaji walicheka. Walisema kwamba Waafrika hawa hata sheria hawazijui.

Mwepu alizijua sheria. Mchezaji wa klabu bingwa ya Afrika hazikosi. Alieleza baadaye kwamba wachezaji hawakuwa wamelipwa haki yao, na kwamba baada ya yale mabao tisa walitishiwa na watu wa rais wasirudi nyumbani wakifungwa mengi na Brazil. Teke lile lilikuwa teke la mtu aliyekasirika na kuogopa. Lakini dunia iliona damu pale palipokuwa na dhuluma, na kicheko kile kilidumu kwa miaka mingi.

Tuulinganishe mfano huo na wa Aljeria. Mwaka 1958, wakati wa vita vya ukombozi, wachezaji Waaljeria waliokuwa na kazi nzuri katika klabu za Ufaransa walitoroka wakaunda timu ya chama cha ukombozi, FLN, wakazunguka nchi mbalimbali wakiitangaza nchi ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru. Mmoja wao alikuwa Rachid Mekhloufi. Mwaka 1982 Mekhloufi alikuwa miongoni mwa walimu wa Aljeria pamoja na Mahieddine Khalef, nayo Aljeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2–1 mjini Gijón. Ilihitaji Ujerumani na Austria wapatane juu ya bao moja ili Aljeria itolewe, na baada ya aibu hiyo ikaamuliwa kwamba michezo ya mwisho ya kila kundi ichezwe saa moja. Mpango, uzi na walimu wa nyumbani vilikuwapo, na matunda yakaonekana.

Na je, uko mtindo mmoja wa Kiafrika? Mwaka 1990 kule Italia Kameruni iliifunga Argentina 1–0, ikaumaliza mchezo ikiwa na watu tisa, na ikafika robo fainali kwa mashambulizi na nguvu. Katika mashindano hayo hayo Misri ya mwalimu Mahmoud El-Gohary ilijilinda kwa uangalifu mkubwa, ikatoka sare na Uholanzi na Ayalandi, na ikafungwa bao moja tu na Uingereza. Bara moja lilikuwa na timu mbili zenye njia mbili zisizofanana.

Mwaka 2022 Moroko ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwalimu wake alikuwa Mmoroko, Walid Regragui. Wachezaji 14 kati ya 26 walizaliwa nje ya nchi hiyo, na baadhi ya wengine walilelewa katika chuo cha kandanda cha nyumbani. Wahispania waliutembeza mpira mbele yao kwa dakika 120, pasi zipatazo elfu moja, wasipate bao, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Hadi nusu fainali bao pekee lililoingia lango la Moroko lilikuwa la kujifunga wenyewe. Waliosema kwamba Mwafrika hakujaliwa mpango walipaswa siku hiyo kutafuta neno jingine.

Fundisho kwetu

Yapo mambo matatu ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuyachukua katika historia hii. La kwanza ni kwamba mtindo huanza na hali ya mahali. Waskoti walianza na wepesi wao, Waswisi na unyonge wao, Wabrazili na uwanja mdogo wa mitaani. Vijana wetu wanaocheza chandimu kwa mpira wa matambara, penye kokoto na nafasi ndogo, wana maarifa ya miguu ambayo hayajaandikwa popote. La pili ni kwamba hali ya mahali haitoshi pasipo mwalimu. Chandimu bila mwalimu huzaa wapiga chenga, haizai timu. La tatu ni kwamba mwalimu naye hatoshi pasipo nyumba, yaani shule, klabu au chuo ambamo mafunzo yake yatabaki yeye akishaondoka.

Hili la tatu latuhusu sana. Timu yetu ya taifa ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980 ikiwa chini ya mwalimu kutoka Poland, Slawomir Wolk. Haikufika tena huko mpaka mwaka 2019 kule Misri, ikiongozwa na Mnigeria Emmanuel Amunike. Katikati ya miaka hiyo 39 walikuja walimu wengi, akiwamo Márcio Máximo kutoka Brazil aliyefundisha kuanzia 2006 hadi 2010, na wengine kutoka Denmark na Uholanzi. Kila mmoja alikuja na mtindo wa kwao, na hakuna aibu katika hilo, maana tumekwisha kuona kwamba hata Brazil ilifundishwa na Wahungaria. Tofauti ni kwamba Wabrazili walilipokea somo wakalifuma na lao wakalitunza. Mwanafunzi asiyeandika daftari huanza somo upya kila mwalimu mpya anapoingia darasani.

Utamaduni wa taifa haurithiwi kama rangi ya macho. Hufundishwa na wazee, huongezwa na vijana, na huazima kwa majirani bila kusahau nani amezaa nini. Kandanda nayo ni sehemu ya utamaduni huo, kama ngoma na ushairi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi twaongeza kwamba huko kwao mtu hana budi kupajenga. Kazi hiyo haianzii katika uwanja mkubwa wa taifa. Huanzia katika uwanja wa shule, saa kumi jioni, mwalimu mmoja anapowaambia wanafunzi wake watulize mpira kabla ya kuupiga.